Pumu ya ngozi hatua kwa hatua: kuitambua, kuitibu na kutoichanganya na fangasi au upele

Naandika hii kwa sababu maswali ni yaleyale kila siku. Mimi nakaa dirishani famasi, mtu anakuja anafungua simu ananionyesha picha ya kiwiko cha mtoto imepigwa usiku kwa tochi, anasema "dokta nisaidie, anajikuna mpaka damu, nimpake nini?" Nikiuliza umeshapaka nini mpaka sasa naambiwa tyubu ya fangasi, tyubu ya mchanganyiko, mafuta ya nazi, Dettol kwenye maji ya kuoga na majani aliyoleta bibi, vyote ndani ya wiki moja, na mtoto bado halali. Kwahiyo nimeamua kuyaweka yote sehemu moja ili uweze kufuata mwenyewe nyumbani na ujue pia ni wapi unatakiwa uache uende kumuona mtaalamu.

Kwanza elewa kitu kimoja tu cha darasani. Ngozi yenye pumu ni kama paa lenye matundu, unyevu wa ndani unatoka na vya nje vinavyochokoza vinaingia, basi ngozi inakauka, inavimba, inawasha, unajikuna, matundu yanaongezeka. Ndo maana mafuta ni nusu ya matibabu, na dawa bila mafuta haifiki mbali. Pia haiambukizi. Mtoto anaweza kulala na wenzake, kuogelea nao, kwenda shule, hamna shida. Inatembea kwenye ukoo pamoja na pumu ya kifua na mafua ya aleji, kwahiyo ukiulizwa hospitali "kwenu kuna mwenye pumu?" ujue swali lina maana yake.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Mafuta ya mgando yasiyo na harufu wala rangi, kopo kubwa. Ile ya watoto yenye harufu nzuri iache, harufu ndo mchokozi wenyewe. Kama famasi yenu wanayo emulsifying ointment (mafuta mazito yanayochanganyika na maji) chukua, inafaa kupaka na kuogea pia.
- Sabuni laini isiyo na manukato. Sabuni ya mche na ya unga ni za nguo, sio za ngozi hii.
- Hydrocortisone 1% ya kupaka, ni krimu ya steroidi, yaani dawa inayotuliza uvimbe na muwasho wa ngozi. Hii ndo ya kuanzia kwa wengi.
- Kijiko safi cha kuchotea mafuta, kikata kucha, taulo laini, nguo za pamba za kulalia.
- Simu, kwa ajili ya kupiga picha mchana kweupe.

Usinunue tyubu ya mchanganyiko. Unaijua ile, ina betamethasone au clobetasol (steroidi kali), ina clotrimazole (ya fangasi), ina gentamicin au neomycin (ya bakteria), vyote ndani ya tyubu moja, na watu wanaipenda kwa sababu siku ya pili tu ngozi imetulia. Inatulia kwa sababu ya steroidi kali iliyomo. Kama ulikuwa na fangasi, wanaendelea kutambaa chini kwa chini bila kuonekana vizuri, na kama ilikuwa pumu ya ngozi umepaka dawa ya bakteria na fangasi ambayo hukuihitaji. Nitairudia hii huko mbele kwa sababu ndo inayoharibu ngozi nyingi zaidi ninazoziona.

Hatua ya 1: Angalia, usipake kitu

Simama mlangoni au dirishani mchana, vua nguo, angalia mwili mzima, sio pale panapowasha tu. Nyuma ya masikio, katikati ya vidole, kiunoni, nyuma ya magoti, kichwani. Piga picha mbili, moja ya karibu na moja ya mbali.

Hapa nisisitize, kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Vitabu vingi vina picha za ngozi nyeupe ikiwa nyekundu, kwetu sisi inaonekana kijivujivu, zambarau iliyokolea, au nyeusi kuliko ngozi ya pembeni. Mara nyingi unaona vipele vidogovidogo vimesimama kwenye kila kitundu cha unywele, ukipitisha kiganja unahisi kama msasa. Akijikuna miezi mingi ngozi inakuwa nene, mistari yake inaonekana wazi, na pakipona panabaki doa jeusi au jeupe. Doa sio ugonjwa unaoendelea. Pima kwa mguso: palipo laini pamepoa, palipo na ukakasi na joto bado panawaka.

Hatua ya 2: Jua una nini

Hii hatua usiiruke hata kama una haraka, maana kosa la hapa linaharibu kila kinachofuata.

*Pumu ya ngozi yenyewe.* Kwa mtoto mchanga inaanzia mashavuni, kichwani, na sehemu za nje za mikono na miguu, na mara nyingi sehemu ya nepi inabaki salama. Akikua inahamia kwenye mikunjo: mbele ya kiwiko, nyuma ya goti, shingoni, kwenye kifundo cha mkono na cha mguu. Inakuja na kuondoka, inawasha sana, ngozi kwa ujumla ni kavu. Kwa wengi inaanza kabla ya miaka 5.

*Upele.* Yaani scabies, ule unaoletwa na wadudu wadogo wanaochimba ndani ya ngozi. Huu unaambukiza na unatibiwa tofauti kabisa. Maswali yangu ni mawili: unawasha zaidi usiku? Na nani mwingine nyumbani anajikuna? Kama jibu ni "ndio, na mdogo wake, na dada wa kazi pia", angalia katikati ya vidole, mkononi pale unapovaa saa, kiunoni, chini ya matiti, na kwa wanaume sehemu za siri. Ukiona vipele hapo na vijimstari vyembamba, ni upele mpaka ithibitike vinginevyo.

*Fangasi, yaani mashilingi au choa.* Duara lenye ukingo ulioinuka una magamba, katikati panaonekana kama pamepona, na linapanuka taratibu. Likiwa kichwani kwa mtoto, nywele zinakatika na kuacha upara wa duara, hayo ni mapunye.

*Pumu ya ngozi ya duara.* Hii ndo inapoteza watu. Nayo ni duara, lakini imejaa kote, katikati hapajapona, mara nyingi ina majimaji au gaga, na inakaa zaidi miguuni na mikononi. Kama umepaka dawa ya fangasi wiki 4 kwa uaminifu na duara liko vilevile, uwezekano ni huu.

*Mba na ndugu zake.* Magamba ya njanonjano yenye mafuta kichwani, kwenye nyusi, pembeni ya pua, nyuma ya masikio, kifuani. Kwenye ngozi nyeusi unaweza kuona mabaka meupemeupe usoni kabla hujaona magamba. Kwa mtoto mchanga ni ule ukoko wa utosini. Kwa mtu mzima ikimlipukia ghafla uso mzima na kifua, nasema bila kuzunguka, nenda kapime VVU, maana ni moja ya dalili zinazojulikana, na ukijua mapema unatibiwa mapema.

*Aleji ya kugusa.* Inafuata umbo la kilichogusa. Ukiona alama ya mkanda wa kandambili juu ya mguu, hiyo ni raba. Kidonda chini ya kitovu pale kifungo cha jinzi kinapogusa, au masikio yanapogusana na hereni za bei rahisi, hiyo ni nikeli, madini yaliyomo humo. Fundi ujenzi mwenye viganja vilivyopasuka, saruji. Mama lishe anayeosha vyombo kutwa nzima, sabuni na maji. Na dada zangu wa Pwani naomba mnisikilize kuhusu piko: ile rangi nyeusi ya maua ya bibi harusi mara nyingi inatengenezwa na kanta, na kanta ina kemikali inaitwa PPD. Mara ya kwanza unaweza usione kitu, mara ya pili mchoro wote unavimba malengelenge, na ukishapata aleji ya PPD inakaa na wewe, kupaka kanta kichwani baadaye kunaweza kukuvimbisha uso mpaka macho yafumbe. Hina ya asili ya kahawia haina shida hiyo.

*Vipele vya maji viganjani.* Vijipele vidogo vya maji, vimezama ndani ya ngozi pembeni mwa vidole, viganjani au kwenye nyayo, vinawasha vibaya mno, baadaye vinakauka na kuchubuka. Nayo ni jamaa ya pumu ya ngozi.

*Miguu ya chini kwa watu wazima.* Mabaka ya kahawia juu ya kifundo, ngozi inawasha, miguu inavimba jioni, mishipa imejitokeza. Hapo shida ni mzunguko wa damu kwenye mishipa, nenda ukapimwe kabla hapajatoboka kidonda.

*Mchomo wa mdudu.* Msimu wa mvua kuna kale kadudu kembamba, kana rangi ya chungwa na nyeusi, Kenya wanakaita Nairobi fly. Ukikaponda juu ya ngozi, siku moja au mbili baadaye unapata mstari unaounguza wenye malengelenge. Osha kwa sabuni na maji mengi, kapulize katoke badala ya kukaponda. Sio pumu ya ngozi na sio mkanda wa jeshi.

Magamba mazito meupe ya kung'aa nje ya viwiko na mbele ya magoti, yanayokaa miezi bila kusogea, hiyo inaelekea ni soriasi, na ngozi ya hivyo inahitaji mtaalamu, usihangaike nayo peke yako.

Kama umeona ni upele, fangasi au mba, ruka mpaka sehemu yake huko chini. Wenye pumu ya ngozi twende.

Hatua ya 3: Ondoa kinachochokoza

Anza na nguo na maji, sio chakula. Sweta la sufu lisiguse ngozi, vaa pamba ndani. Nguo ya mtumba ifuliwe kabla ya kuvaliwa, na nguo zote zisuuzwe mara mbili mpaka povu liishe. Kama mnatumia maji ya kisima ya chumvi, sabuni haitoi povu na wewe unaongeza sabuni, matokeo yake inabaki kwenye nguo na kwenye ngozi. Acha Dettol, spiriti, magadi, limao, chumvi. Acha manukato na udi uliofukizwa kwenye nguo za mtoto.

Joto nalo. Dar na Mombasa kuanzia Desemba mpaka Machi jasho ndo adui, mtoto aoshwe jasho kwa maji matupu na avae nguo nyepesi. Mbeya, Njombe, Arusha, Juni na Julai adui ni baridi kavu, hapo unaongeza mafuta.

Kuhusu chakula, tafadhali usimnyime mtoto mayai, samaki, maziwa na karanga vyote kwa pamoja kwa sababu umesikia "ana aleji". Watoto wengi wenye pumu ya ngozi chakula hakihusiki, na wanaonyimwa wanadhoofu. Kama kila akila yai anavimba midomo au anatoka mabaka ndani ya saa mbili, hiyo ni hoja ya kumpelekea daktari. Kunyonyesha kuendelee, chanjo ziendelee.

Hatua ya 4: Kuoga

Mara moja kwa siku, dakika 5 mpaka 10, maji ya uvuguvugu. Maji ya moto yanafurahisha kwa sababu yanatuliza muwasho kwa muda mfupi halafu unarudi mara mbili. Sabuni ipite kwapani, sehemu za siri na miguuni tu, kwingine maji yanatosha, au chukua emulsifying ointment kidogo, ikoroge kwenye maji mkononi, paka kama sabuni kisha suuza. Dodoki na jiwe weka kando kabisa. Jikaushe kwa kugandamiza taulo, usisugue, na acha ngozi ibaki na unyevunyevu.

Hatua ya 5: Mafuta, ndani ya dakika 3

Hapa ndo pa kukaa. Ukitoka kuogeshwa, kabla ngozi haijakauka, mafuta yawe yameshapita mwili mzima. Sio pale penye ugonjwa tu, mwili mzima.

Chota kwa kijiko weka kiganjani, usitumbukize vidole kwenye kopo maana unapeleka bakteria humo. Yayeyushe kati ya viganja, paka kuelekea chini kufuata vinyweleo, usisugue juu na chini kwa sababu unaziba vitundu na kuleta vijipu. Ngozi ikimaliza inatakiwa ing'ae. Rudia asubuhi na mchana hata kama hajaoga, mara 2 mpaka 4 kwa siku.

Kiasi? Watu wanapaka kidogo mno. Mtoto anayepakwa mwili mzima anatumia kama gramu 125 mpaka 250 kwa wiki, mtu mzima mpaka gramu 500. Yaani kama kopo la gramu 250 linamaliza miezi miwili kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi mwili mzima, hajapakwa bado.

Mafuta gani? Ya mgando ni bei nafuu na yanafanya kazi vizuri. Mafuta ya nazi safi yanawafaa wengi, ya alizeti pia. Mafuta ya zeituni usipake kwenye ngozi hii, yanadhoofisha ule ukuta wa nje tunaohangaika kuujenga. Losheni nyepesi za chupa zina maji mengi na manukato, zinakauka haraka na zinachoma palipochubuka.

Tahadhari ambayo wengi hawaijui: nguo na shuka zilizoloa mafuta ya mgando zinashika moto haraka sana, na kufua hakuyatoi yote. Mtoto aliyepakwa asikae karibu na jiko la mkaa, kibatari au mshumaa, na wewe mwenye kanga iliyoloa mafuta usiinamie moto.

Hatua ya 6: Krimu ya steroidi, kwa kipimo

Kuna kambi mbili. Kuna wanaoiogopa kabisa kwa sababu wameona uso wa mtu wa mkorogo, na kuna wanaoipaka kila siku kama losheni. Wote wawili wanaumia. Ikitumika kwa nguvu sahihi, mahali sahihi na kwa siku chache, ni dawa salama, na kuipaka kidogokidogo kwa woga kunafanya ugonjwa usiishe na ukae muda mrefu zaidi.

1. Chagua nguvu. Usoni, shingoni, kwapani, sehemu za siri na kwa mtoto mdogo: hydrocortisone 1%. Mwilini kwa mtoto mkubwa au mtu mzima palipokuwa pagumu: betamethasone valerate 0.1%, na hii upewe na mtaalamu aliyeiona ngozi. Clobetasol ni kali kuliko zote, ni ya viganja na nyayo na ngozi nene kwa mtu mzima, isizidi wiki 2, isiguse uso, mtoto asipakwe bila daktari wa ngozi.
2. Pima. Kamua mstari kuanzia ncha ya kidole chako cha shahada mpaka mkunjo wa kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Mtoto wa mwaka 1 mpaka 2, mkono mzima unachukua mistari ya hivyo 1 na nusu, mguu mzima mistari 2.
3. Paka palipo na ukakasi tu, mara 1 au 2 kwa siku kama ulivyoelekezwa. Acha kama dakika 20 kati ya dawa na mafuta, usivichanganye kiganjani.
4. Usoni siku 5 mpaka 7, mwilini siku 7 mpaka 14. Endelea mpaka palainike, usiache siku ya pili kwa sababu muwasho umepungua.
5. Karibu na kope za macho usipake bila daktari, inaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

Sindano na vidonge vya steroidi, zile dexamethasone na prednisolone anazopewa mtu "za aleji", zinasafisha ngozi ndani ya siku mbili tatu na wiki chache baadaye inalipuka kuliko mwanzo. Usiombe sindano. Na ukipewa vidonge vya muda mrefu usiviache ghafla, rudi kwa aliyekupa.

Hatua ya 7: Usiku

Kucha fupi, kila wiki. Nguo ya pamba ya mikono mirefu. Kwa mtoto unaweza kumvalisha soksi safi mikononi. Palipowaka sana paka mafuta mengi, funga kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, juu yake kitambaa kikavu, mtoto atalala. Palipo na usaha usifunge hivi. Akiwashwa mwambie agandamize au apigepige kwa kiganja, au umwekee kitambaa cha baridi.

Piriton inaleta usingizi, haitibu pumu ya ngozi. Inaweza kusaidia siku chache ambazo hamna anayelala nyumba nzima, lakini mtoto chini ya mwaka usimpe bila kuelekezwa.

Hatua ya 8: Imetulia, sasa usiache

Dawa unaacha, mafuta huachi. Wengi wanaorudi dirishani kwangu wanasema "ilipona ikarudi", nikiuliza mafuta wanasema waliacha siku ilipopona. Kama inarudi palepale kila mwezi, daktari anaweza kukuambia upake ileile krimu siku 2 tu za wiki, mfano Jumamosi na Jumapili, kwenye maeneo yanayojirudia. Hiyo inapunguza milipuko na jumla ya dawa unayotumia inakuwa ndogo.

Wale wenye mengine

Upele: permethrin 5%, kuanzia mtoto wa miezi 2, paka shingo mpaka unyayo, katikati ya vidole na chini ya kucha, kwa watoto wadogo na kichwani pia ukiepuka macho na mdomo. Kaa nayo saa 8 mpaka 14, oga, rudia baada ya siku 7. Nyumba nzima siku hiyohiyo, hata asiyewashwa. Nguo na shuka zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, visivyofulika funga kwenye mfuko siku kadhaa. Muwasho unaweza kubaki wiki 2 mpaka 4 baada ya wadudu kufa, usipake tena na tena. Ile BBE ya maji (benzyl benzoate) inatibu pia lakini inachoma sana ngozi iliyochubuka, na ya mtoto inatakiwa iongezwe maji kwa kipimo cha famasi.

Fangasi ya ngozi: clotrimazole 1% mara 2 kwa siku, wiki 2 mpaka 4, upake mpaka sentimita 2 nje ya duara, na uendelee wiki 1 baada ya kupotea. Mapunye hayaponi kwa krimu, yanahitaji dawa ya kumeza kama griseofulvin, mpeleke mtoto zahanati.

Mba: shampuu ya ketoconazole 2%, paka kwenye ngozi ya kichwa, subiri dakika 5, suuza, mara 2 kwa wiki kwa wiki 2 mpaka 4. Dada mwenye nywele kavu au aliyesuka, mara 1 kwa wiki inatosha, kisha laini nywele zenyewe. Kumwaga mafuta kichwani kila siku "ili mba ulainike" kunawalisha wale fangasi wanaouleta. Ukoko wa mtoto mchanga lainisha kwa mafuta, baada ya nusu saa osha na chana kwa brashi laini, usibandue kwa kucha.

Nepi: badilisha mara kwa mara, osha kwa maji, kausha, paka zinc oxide nene. Kama wekundu au weusi umeingia kwenye mikunjo na una vipele vilivyotawanyika pembeni, ni fangasi, ongeza clotrimazole.

Aleji ya kugusa: hamna krimu itakayoshinda kama kinachogusa bado kipo. Badili kandambili, shonea kitambaa nyuma ya kifungo, vaa glavu za raba zenye za pamba ndani unapoosha vyombo.

Ikigoma

*Mafuta yanachoma.* Kama umepaka palipochanika ni kawaida dakika chache. Ikiendelea, bidhaa ina manukato, badili.

*Wiki 2 za hydrocortisone hamna mabadiliko.* Rudi Hatua ya 2, huenda sio pumu ya ngozi. Au kiasi ni kidogo. Au imeingia bakteria: magaga ya rangi ya asali, usaha, maumivu badala ya muwasho. Hiyo inahitaji antibayotiki ya daktari, sio kapsuli zilizofunguliwa na kumwagiwa juu ya kidonda. Na usimwogeshe mtoto kwa Jik kwa kusimuliwa, kipimo cha hiyo apange daktari.

*Duara lilipungua na tyubu ya mchanganyiko, sasa limekuwa kubwa na halina ukingo.* Ni fangasi waliofichwa na steroidi. Acha tyubu, nenda wakakwangue magamba wapime.

*Uso unawaka kila nikiacha krimu.* Umeizoea, hasa kama ni mkorogo au krimu ya kung'arisha, nyingi zimewekwa clobetasol bila kuandikwa vizuri. Usijitibu, nenda kwa daktari wa ngozi ukiwa na kopo lenyewe mkononi.

*Madoa meusi hayatoki.* Yanachukua miezi. Ngozi ikikaa bila kulipuka yanafifia yenyewe, na krimu za kung'arisha zinaamsha ugonjwa upya.

*Naogopa nikiitibu itahamia kifuani.* Haihami. Mtoto mwenye pumu ya ngozi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata pumu ya kifua, lakini hilo haliletwi na krimu.

*Itaisha lini?* Watoto wengi inapungua sana wanavyokua. Wengine wanabaki nayo ukubwani, hasa viganjani na usoni.

*Daktari wa ngozi nampata wapi?* Anza kituo cha afya, omba rufaa ya hospitali ya mkoa. Tanzania pale KCMC Moshi kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, wataalamu waliosoma hapo wamesambaa mikoani na nchi nyingine za Afrika, uliza hospitali ya mkoa kama wanaye. Nenda na zile picha za mchana, na tyubu zote ulizotumia ziwe kwenye mfuko, hata zilizoisha.

Hapa usisubiri kesho

Mtoto ana homa na ngozi imetoka ghafla malengelenge madogo yanayofanana yote, yanapasuka na kuacha vidonda vya mviringo kama vimetobolewa, vinauma kuliko kuwasha. Hiyo ni virusi wa malengelenge ya mdomo wameingia kwenye ngozi ya pumu, anahitaji dawa ya aciclovir haraka, na yakiwa karibu na jicho ni dharura ya macho. Kwa sababu hiyohiyo mtu mwenye kidonda cha homa mdomoni asimbusu mtoto mwenye pumu ya ngozi. Mengine ya kukimbiza: ngozi ya mwili mzima imewaka na kubanduka, eneo moja limevimba, lina joto na linaenea huku mgonjwa anatetemeka, mtoto mchanga amelegea hanyonyi, au midomo na ulimi vimevimba na anapumua kwa shida. Hapo usipite famasi, nenda moja kwa moja hospitali, na ukifika mapokezi sema mapema kwamba ana pumu ya ngozi na lini ameanza homa.